Mluzi wa Guerrino

Ersilia Bocchialini alizaliwa Parma, mji wa Italia, nyuma ya soko, na kabla hajajua kutembea alikuwa keshajua kulia kwa sauti ya kupenya ukuta. Majirani wakalalamika. Baba yake, Guerrino, muuza nyama, akawajibu, "Mwacheni, mwenzenu anafanya mazoezi."

Guerrino hakujua kusoma muziki, lakini opera, ile michezo ya kuimbwa, hakukosa. Alikaa roshani ya juu kabisa, kwenye viti vya bei ya chini, mkate na soseji mfukoni, na kule juu ndiko waliko mahakimu. Mwimbaji akipatia, wanamlilia machozi. Akikosea, wanampigia mluzi mpaka atafute mlango. Mgeni husamehewa kidogo. Mtoto wa nyumbani, thubutu!

Ndiyo maana Ersilia, alipohitimu masomo ya uimbaji, aliimba Trieste, akaimba Lisboni, akavuka bahari akaimba Buenos Aires, ila Parma alipakwepa. Kila akialikwa, anasingizia koo linauma. Siku hizi amestaafu, anafundisha wasichana kuvuta pumzi. Ukimwuliza habari za Lisboni atakujibu kwa neno moja. Ukimwuliza ya Parma, vuta kiti.

Mwishowe alikubali kuimba Parma kwa sababu Guerrino alikuwa amezeeka. Ngazi za roshani zilianza kumshinda, moyo nao ulikuwa unamsumbua, na alikuwa hajawahi kumsikia binti yake jukwaani hata mara moja. Ersilia akaona asipomwimbia sasa, atakuja kuliimbia kaburi. Lakini akiharibu, mzee ataaibikia palepale alipokaa na wenzake maisha yake yote.

Jumapili ya onyesho walikula pamoja mchana, supu ya tambi zilizojazwa nyama.

"Baba, nikikosea je?"

"Ukikosea umekosea. Mimi kule juu sina mwana."

"Maneno gani hayo, baba?"

"Kula, supu inapoa."

Ersilia alicheka, akachukua kijiko.

Onyesho lilianza alasiri. Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri, ya pili ikapita ya kwanza. Katika ya tatu kulikuwa na noti moja ya juu, ndefu, ambayo Ersilia alikuwa ameiimba nchi za watu bila kutoka jasho. Aliifikia, akaishika, ikamkatikia kooni mwake.

Kisha toka juu ukaja mluzi mmoja, mrefu, unaopanda mwishoni. Ersilia aliujua. Ndio uliokuwa ukimwita utotoni kutoka barabarani arudi nyumbani kula. Baba yake mzazi! Uchungu alioupata ulizidi ile aibu yenyewe, na alitamani sakafu ipasuke immeze.

Akasubiri wengine wadakie. Hakuna aliyedakia. Basi akamwinulia mkono kiongozi wa okestra: turudie. Alianza kuimba kwa hasira, hasa kumkomoa mzee. Katikati hasira ikamwisha, ikabaki sauti tupu, na noti ile ikapanda, ikakaa juu mpaka alipotaka mwenyewe kuishusha. Roshani nzima ikasimama, watu wanapiga makofi na kukanyaga mbao kwa miguu.

Baadaye Guerrino aliletwa nyuma ya jukwaa akihema, ameshikwa mkono na Amilcare, kinyozi, jirani yake wa roshani.

"Baba," Ersilia akamvaa, "hukuweza hata kungoja mwingine aanze?"

Amilcare ndiye aliyejibu.

"We binti, mshukuru! Mimi vidole vilikuwa vishafika mdomoni, mimi na safu nzima. Tungekutoa mbio! Sasa baba mtu keshapiga, nani tena apige? Mzazi akishamchapa mwanawe, jirani anaweka fimbo chini."

Ersilia akamgeukia baba yake. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Kweli, baba?"

"Mwongo huyo, toka utotoni," alisema Guerrino. "Nilipiga kwa sababu ulikosea."

"Na niliporudia je? Nilipatia?"

Guerrino alitoa kitambaa chake cha dukani, akapenga kamasi kwa kishindo, akakikunja polepole kama mtu anayetafuta jibu ndani yake.

"Hapo usiniulize, mwanangu. Sikusikia kitu. Nilikuwa nalia."