Pombe ya marehemu Lukas iliyogoma kuchujika, na kumvi za Bi Kazija

Wakuu, nawasalimu nyote, mliokaa na mnaopita njia.

Jana nimesoma humu uzi wa kijana anayejipikia bia nyumbani kwa nafaka yake mwenyewe. Analalamika kuwa yale maji matamu ya kimea hayachujiki. Unga umeziba chujio, na hajui afanye nini.

Wengi mkamcheka. Mimi sikucheka.

Mwaka fulani wa hamsini na kitu, hapahapa Unguja, nilisimama mbele ya tatizo hilohilo, na mtu alikuwa karibu kupoteza makazi yake.

Ninayoandika niliyaona kwa macho yangu. Pombe yenyewe sijawahi kuionja mpaka leo, kwa hiyo ladha msiniulize.

Mnijue kidogo kwanza. Mimi ni mtu wa Makunduchi. Skuli niliiacha mapema, miguu haikutaka kutulia. Nimechuma karafuu Kizimbani, nimepaka chokaa nyumba za mjini, na wakati huo nilikuwa mchukuzi wa mizigo bandari ya Malindi, hapahapa mjini. Palipo na kitu nisichokijua, lazima niiname nichungulie.

Bandarini nilibeba magunia pamoja na Lukas, mtu wa bara, Mkristo, mkubwa kwangu. Ndiye aliyenifundisha gunia linakaa wapi shingoni lisikuvunje. Basi akashikwa na homa, ikaondoka naye.

Akamwacha mkewe, Mama Vero, katika kibanda alichokijenga mwenyewe mtaa wa Ng'ambo.

Hapa ndipo penye shida. Kwa watu wa ukoo wa Lukas, matanga yakiisha, marehemu humwagiwa pombe ya mtama ardhini, na anayeipika ni mke wake. Pombe hiyo lazima iteremke kama maji, bila chembe ya machicha. Ikiwa nzito au ikiharibika, wanasema marehemu hakumridhia mkewe, na mke anarudishwa kwao.

Mama Vero kwao hakubaki mtu. Wazazi walishakufa. Maisha yake yote yalikuwa pale Ng'ambo, anapouza mihogo ya kuchemsha.

Mwenye kauli alikuwa Petro, kaka mkubwa wa Lukas, kibarua wa shamba Kizimbani. Alikwishatuma salamu kuwa Jumamosi anakuja na wenzake.

Mtama ulitoka kwao bara, gunia moja. Mwingine haukuwapo. Mama Vero akauloweka, ukachipua, akauanika ukawa kimea. Kwao kimea husagwa kwa jiwe, kikabaki na chenga na maganda. Lakini msiba ulikuwa umemmaliza nguvu, akanipa nikipeleke mashineni.

Akaniambia nisiseme ni cha nini. Mwenye mashine alikuwa mcha Mungu, angekikataa.

Nikanyamaza kama nilivyoambiwa. Yule bwana, kwa wema wake, akadhani ni unga wa mkate. Akaupitisha mara mbili, ukawa laini kama poda. Akanipa salamu nimpelekee mama, kwamba mkate wake utalainika hata kwa asiye na meno.

Nikamshukuru. Sikujua nimebeba balaa.

Alhamisi asubuhi Mama Vero akakoroga unga na maji ya moto, akafunika, yakawa matamu. Halafu tukamimina kwenye chujio lake, mfuko mrefu wa kusukwa aliotoka nao kwao.

Yakadondoka matone machache. Yakakoma.

Tukakamua kwa mikono, ukatoka uji mweupe. Tukajaribu kitambaa cha merikani, kikaziba kabisa. Jua linapanda, na maji yale kwa joto letu hayasubiri. Yakichacha kabla ya kuchujwa, ndiyo basi.

"Mmakunduchi," akaniambia, "nyie si ndio mnakamua tui kila siku? Fanya kitu."

Nikamwambia nazi haina unga.

"Basi leo hata nyie mmeshindwa kukamua," akasema. Alitaka kucheka, kicheko hakikutoka.

Kisha akaingia ndani. Nikamwona kwa mlangoni anakunja khanga zake, moja juu ya nyingine, taratibu, kama mtu anayefunga safari. Wakuu, nimeona mengi bandarini, lakini zile khanga zilinitia hofu kuliko yote.

Nikatoka uani nipate hewa.

Jirani wa nyuma alikuwa Bi Kazija, mama wa makamo anayewatwangia watu mpunga. Kando ya mlango wake kulikuwa na lundo la kumvi, yale maganda ya mpunga yanayopeperushwa kwa ungo. Nikamwona anamwaga maji aliyooshea mchele juu ya lile lundo. Yaliingia meupe kama maziwa. Chini yakachuruzika karibu safi.

Nikabaki nimekodoa macho. Akaniona.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba. Umesimama kama uliyeona shetani. Una nini?"

Nikamwomba kumvi.

"Za nini? Kuku huna."

Ningeweza kusema nataka kujaza mto. Uongo huo ulikuwa tayari ulimini. Lakini nikakumbuka mashineni, kule kunyamaza kulikotufikisha hapa. Nikamweleza yote.

Akachukua ungo wa mpunga, akaanza kupepeta, hanitazami.

"Mtoto wa Kiislamu we, unaniomba mie nikusaidie pombe?"

"Mie sinywi, Bi."

"Sikukuuliza kama unakunywa."

Nikainamisha kichwa. Kisha akauliza kama ni yule mjane wa Lukas. Nikaitika naam. Akauliza kama kweli watamrudisha bara. Nikasema watamrudisha.

Akaweka ungo chini. Akajaza pakacha kwa kumvi kavu, za asubuhi ileile, akanipita mpaka jaani. Akatafuta kipande cha jamvi kuukuu, akazimimina juu yake vizuri, zisiguse taka.

"Sikukupa kitu," akasema akirudi. "Mie nshazitupa."

Akaingia ndani, akafunga mlango.

Kijana wa bia, sasa soma kwa makini.

Kumvi nilizikosha mpaka maji yakawa safi. Nikatoboa debe chini kwa msumari mwembamba, nikatandika kumvi kidogo, nyingine nikachanganya na ule uji, tukamimina humo. Tukauacha utulie.

Yaliyotoka mwanzo yalikuwa machafu. Mama Vero akaziba mdomo kwa upande wa khanga. Nikayarudisha juu polepole, kwa kata, nisiyatibue. Yakatoka, nikayarudisha tena. Sikujua kama ninafanya jambo la akili au nampotezea muda wa mwisho.

Halafu uzi mwembamba ukaanza kushuka, rangi ya chai isiyo na maziwa. Unaona mpaka chini ya bakuli.

Mimi siwezi kuonja, ikabidi nimtazame yeye usoni.

"Tamu?"

"Tamu. Usiguse kitu chochote."

Tukayaacha yaumuke mpaka yawe pombe. Jumamosi Petro akaja na wenzake. Mtu mrefu, mkimya. Mama Vero akampa kibuyu kwa mikono miwili. Petro akaikinga pombe kwenye kiganja, akaitazama juani. Nikamwona anakunja uso. Akaingiza kidole, akatoa kitu kidogo.

Kumvi moja.

"Hii nini?"

Mimi nilisita. Mama Vero hakusita.

"Ganda la mpunga, shemeji. La hapa."

"Kwetu hatutii mpunga kwenye pombe."

"Najua. Bila hilo isingechujika, nawe usingekuta kitu."

Petro akaligeuza lile ganda kidoleni, akaligeuza tena.

"Lukas naye kalala kwenye mchanga wa hapa," akasema. "Ataizoea."

Akamimina. Ikateremka kama maji, mchanga ukaimeza.

Kisha akainua macho, akakitazama kibanda kwa muda.

"Mama Vero, hilo paa linavuja upande wa jikoni. Wiki ijayo nakuja na makuti."

Mama Vero akaingia ndani. Nilidhani analia. Kumbe anazikunjua khanga, anazitundika upya kwenye kamba.

Nilichojifunza: usisage laini, chenga na maganda ndiyo njia ya maji. Yaliyotoka mwanzo yarudishe juu, na usikamue kwa hasira. Na unapoomba msaada sema kazi yenyewe ni ipi. Aliyefichwa alituharibia kwa wema. Aliyeambiwa ukweli alitafuta njia ambayo mimi nisingeiwaza.

Mnaopika kwa nafaka, nyie mnatandika nini chini ya chujio? Na wale mliomcheka yule kijana, karibuni pia, nawasikiliza.