Omosa wa Tabaka na Sindano ya Ganzi

Ndugu yangu Omosa huchonga mawe huko Tabaka, Kisii. Ukiona mikono yake utadhani naye alichongwa. Viboko wake wa mawe wamefika Ulaya. Mwenyewe hajawahi kuvuka mji wa Keroka. Lakini anachojivunia ni kimoja tu: siku aliyotahiriwa hakupepesa jicho. Mwaka wa hamsini na tano huu tunasikia habari hiyo.

Basi mwaka jana nyongo yake ikajaa mawe. Akila avokado tu, anajikunja kama jongoo. Aliguna hadi kuku wa mbali kule Marani wakaacha kutaga. Nikampeleka hospitali mjini Kisii, mimi dada yake mkubwa, nisiyejua kusoma hata bango la mlangoni.

Nyangau, mwenzake wa rika, alikuwa keshatangaza sokoni: "Omosa atarudi amebebwa kama mkungu wa ndizi!" Omosa akaapa atarudi kwa miguu yake.

Daktari Celestine, binti mwenye sauti ya upole, akamweleza: "Mzee, utalala kabisa. Nitapitisha vyombo kwenye matundu manne madogo, nitoe kifuko cha nyongo na mawe yake. Kabla hujaamka, tutadunga dawa ya ganzi kwenye matundu hayo na chini ya mbavu, ili ukiamka usiumie sana."

"Kulala, sawa," Omosa akasema. "Ganzi, hapana. Sikutiwa ganzi nikiwa mtoto, nitiwe leo na mvi hizi? Nyangau akisikia je?"

"Ukiumia hutavuta pumzi vizuri, mzee. Na kesho hutaweza kusimama."

Akageuza uso ukutani. Daktari akaniangalia. Nikavuta kiti.

"Omosa, yale mawe yako, unayapiga msasa yakiwa makavu?"

"Dada, nawe! Nani hupiga msasa jiwe kavu? Unalimwagia maji kwanza. Bila maji ni vumbi tupu na mikwaruzo."

"Kwa hivyo jiwe lako ni oga?"

Nesi aliacha kuandika.

"Huyu mwanamke angesoma," Omosa akasema, "angekuwa hakimu wa kufunga watu wengi sana." Kisha akamgeukia daktari. "Haya. Nimwagie maji."

Alipoamka aliuliza mambo mawili: chakula, na mawe yake. Akakwaruza moja kwa ukucha, akalidharau: "Hili hata kijiko huchongi." Bega lilimuuma kidogo kwa hewa waliyomjaza tumboni wakati wa upasuaji, lakini vidonge alipewa, akameza.

Kesho yake akapita katikati ya soko, wima, mkono mmoja tumboni. Nyangau akaachama hadi nzi wawili wakaingia mdomoni, wakazunguka, wakatoka.

"Na hukutiwa ganzi?" Nyangau akauliza.

Omosa akanitupia jicho. Njiani alikuwa amenisihi sana, nami nikaapa kwamba Nyangau hatasikia neno kutoka kwangu.

"Walinimwagia maji tu," akajibu.

Kiapo changu nimekishika hadi leo. Nyangau sijamwambia kitu. Nimemwambia mkewe tu.