Kadi Ambayo Hakuna Aliyetaka Kuiokota

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Katika ukumbi mdogo unaopakana na mtaa wa Nyayo Highrise, Nairobi, Sella Oluoch anachanganya kadi kwa mara ya nne, ingawa zilishachanganyika kitambo. Meza ni tatu, wachezaji kumi na wawili. Karibu na ukuta ameketi Angeline, mwenye duka la vitabu Riruta, mkoba mapajani.

"Leo siruhusiwi kuongea," Sella ananong'ona. "Nikifungua mdomo tu, nimeharibu."

Sharti la Angeline ni fupi. Watu wakicheza raundi ya pili bila kuombwa, atauza mchezo huu dukani kwake. Wakiinuka baada ya raundi ya kwanza, Sella arudi nyumbani na maboksi yake sitini ya mchezo.

Sella ana miaka 31, mzaliwa wa Kibera. Siku za kazi utampata kituo cha Kawangware 56, katika duka la uchapishaji, ambako hupanga kazi za wateja kwenye kompyuta kwa Sh22,000 kwa mwezi. Saa zake nyingine zote zimeliwa na mchezo aliouita Ploti.

Kila mchezaji ana ploti, yaani jengo la kupangisha, ya vyumba sita, na wa kwanza kuvijaza ndiye mshindi. Kadi ndizo wapangaji: Mama Mboga, Fundi wa Stima, Mwanakwaya, Bwana Subwoofer. Hakuna boksi linalofanana na lingine, kwa hiyo ukitaka kadi usiyo nayo itabidi ubadilishane na mwenzako. Iliyo adimu kabisa ni Mpangaji Anayelipa Mapema. Hupatikana katika boksi moja kati ya ishirini.

"Na hapo nimekuwa mkarimu," Sella anasema. "Wenye ploti waliniambia niweke moja kwa mia."

Mchezo ulikuwa mzuri kwenye karatasi. Mwezi Februari aliupeleka kwa watu, na hapo ndipo mambo yalipomwendea mrama.

Kanuni ilisema kila zamu mchezaji aokote kadi mbili kutoka kwenye fungu. Kwa Sella hiyo ilikuwa zawadi: kadi nyingi, wapangaji wengi. Lakini nani mtaani hajacheza karata? Kwenye karata, kuokota ni adhabu. Mwenzako akikulisha mbili kwa kadi yake ya adhabu, unaokota mbili huku wenzako wakikucheka, na raha yote iko katika kubaki mikono mitupu.

Oloo, mwendesha bodaboda wa hapo Kibera, alikuwa wa kwanza kugoma.

"Sasa mimi nimekosa nini ndio niokote mbili?" aliuliza, kwa uchungu wa kweli.

Sella alimweleza. Oloo akatikisa kichwa, akaelewa, na zamu yake ilipofika akakataa tena. Meza nzima ilishindana kutupa kadi. Mmoja akaruka juu, "Niko kadi!" kama mtu aliyebakiza kadi moja kwenye karata, na wenzake wakampigia makofi, ingawa vyumba vyake vitano vilikuwa vitupu na mchezo haukuwa na kitu kama hicho. Dakika ishirini baadaye hakuna aliyekuwa na kadi, hakuna aliyekuwa na mpangaji, wakabaki wakitazamana.

"Nililia kwa choo," Sella anakiri, akicheka. "Halafu nikaandika upya kanuni kwa wino mwekundu, OKOTA TATU. Ikawa mbaya zaidi!"

Dawa aliipata getini kwake. Anapanga Kawangware, kwenye ploti ya Mama Wangoi, mzaliwa wa huko huko ambaye hakabidhi mtu ufunguo kabla ya kumhoji. Jumapili moja chumba kilikuwa wazi, na kijana mwenye godoro begani akabisha.

"Kazi unafanya wapi? Uko na watoto? Uko na hizo spika kubwa?" Mama Wangoi alimhoji, kisha akamfukuza kwa upole. "Pole, imejaa."

Kijana hakumaliza hata kuvuka barabara. Mwenye ploti ya jirani alikuwa ameshamshika mkono. Mama Wangoi akapiga kelele, "Aki huyo alikuwa mzuri! Mbona nilimwachilia?"

Sella alikimbia ndani kutafuta kalamu.

Siku hizi hakuna anayeokota kwenye Ploti. Kadi ya juu hufunuliwa, wote wakaiona: huyo ndiye aliyebisha getini. Mwenye zamu akisema "Karibu," ni wake. Akisema "Imejaa," akingoja mpangaji bora, jirani wa kulia anaweza kumdaka. Mama Mboga akiingia kwako, zamu inayofuata wanabisha wageni wawili, maana wateja wake humfuata.

Wawili, si watatu. Alijaribu mara 43 na kuandika kila matokeo kwenye daftari. Wakibisha watatu, mchezo uliisha kabla ya chai kupoa.

Kwa hiyo leo ukumbini, dakika ya tano tu, Oloo anamkataa Mwanakwaya kwa sababu anafanya mazoezi alfajiri. Mama mmoja kulia kwake anamdaka. Oloo anashika kichwa. "Ah, mathe! Huyo nilikuwa nafikiria tu!"

"Ungefikiria haraka," mama anamjibu. Mwishowe ni mama huyo anayejaza chumba cha sita.

Raundi ya kwanza imeisha. Mtu ananyoosha mgongo, mwingine anasukuma kiti. Simu ya Oloo inalia, ni mteja, naye anainuka. Sella anauma mdomo na kutazama sakafu.

"Niko mbali kidogo, boss," Oloo anasema kwenye simu. "Tafuta mwingine." Anaketi, anazoa kadi zote na kuanza kuzichanganya. "Huyu mathe hawezi enda hivyo."

Meza nyingine mbili zimeshaanza. Sella amegeukia ukuta ili wasimwone akicheka. Angeline anaweka mkoba chini na kuvuta kiti. "Sogeeni. Na mimi niko na ploti."

Maboksi yote sitini yatakwenda Riruta. Sella tayari ana mpango wa toleo la pili, lenye watu wa kweli wa Kibera na Kawangware, wakichorwa kwa ridhaa yao.

"Kazini napanga vijitabu vya programu za mazishi karibu kila siku," anasema. "Mtu anawekewa picha nzuri siku ameshaenda. Nataka hawa wajione wakiwa hapa."

Wa kwanza atakuwa mama yake, Rosebella, anayeshona sare za shule Kibera. Sella alimwahidi heshima kubwa kuliko zote: kadi adimu, moja kwa maboksi mia. Mama akasimamisha cherehani.

"Adimu ya nini?" akasema. "Nitie kwa kila boksi. Mimi nataka kufika kwa kila nyumba."