Maziwa Yaliyokosa Karatasi

Wiki aliyofariki mama niliendelea kwenda kazini. Watu walisema ni ujasiri. Ukweli ni kwamba sikuwa nahisi kitu, na pale kwenye kituo cha kupokea maziwa, Dundori, angalau mikono ilikuwa na shughuli. Mkulima anaweka mtungi kwenye mizani, kompyuta inasoma uzito, mimi nachapisha karatasi. Bila karatasi hiyo, kiwanda cha mjini hakigusi maziwa.

Jumanne binamu yangu aliniletea flashi yenye programu ya mazishi, iliyochapwa kwenye saiba, duka moja la intaneti la Nakuru. Kwetu mtu hazikwi bila programu yenye picha yake juu. Meneja alikuwa ametukataza kuchomeka flashi za nje, lakini nani wa kumkanya mfiwa. Nilichapisha nakala moja ili nikague majina ya wajukuu, kisha kioo cha kompyuta kikawa cheusi na maandishi ya Kiingereza yakatutaka tulipe ndipo turudishiwe mafaili yetu. Katika ule mkanganyiko nakala niliisahau. Jioni niliikuta bado iko juu ya printa.

Kazi ikasimama. Tangi lilikuwa limejaa, lori halikupakia, na wakulima wakarudishwa na mitungi yao. Wengine waliwapa ndama, wengine mbwa, wengine wakamwaga mtaroni. Fundi alikuja kutoka mjini, akatikisa kichwa, akasema tusubiri. Meneja alituuliza wafanyakazi wote wanne ni nani aliyechomeka kitu. Nilitazama sakafu. Niliogopa kufutwa kabla sijamzika mama, ingawa hata hofu hiyo niliisikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

Ijumaa, asubuhi ya mazishi, wanawake wa kikundi cha mama walifika nyumbani na mitungi. Kwa vile kituo hakipokei, walisema, maziwa yatumike kupika chai ya matanga. Chai ya matanga kwa kawaida ni maji yaliyoonyeshwa maziwa. Ya siku ile ilishika utando.

Programu ilikuwa ile moja tu. Mchungaji aliisoma, ikapitishwa mkono kwa mkono, ikanirudia ikiwa na duara la kikombe.

Jirani yetu, bibi kizee mwenye ng'ombe mmoja, alikaa kando yangu na kunipa chai. Ilikuwa siku ya nne maziwa yake yakikosa pa kwenda, na sikuweza kumtazama.

"Shosho," nikamwambia, "hiyo computer niliharibu mimi. Nilikuwa naprint hii karatasi."

"Tunajua," akasema. "Meneja aliona picha ya mama yako kwa printer siku hiyo hiyo. Alituambia tunyamaze, tuzike kwanza. Kunywa chai, mwanangu."

Nilikunywa. Ilikuwa na sukari nyingi mno, na hicho ndicho kitu cha kwanza nilichokihisi tangu mama afariki.