Damu Iliyomrudia Shangazi Dhahabo

Kuna Ramadhani moja ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, na ninaikumbuka kwa sababu ya kikombe cha chai. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimeolewa, nina watoto wawili, na kila asubuhi nilibeba maziwa kutoka kijijini kwetu hadi Garsen pamoja na wanawake wengine wa Kiorma. Tuliketi safu moja kando ya barabara, kila mmoja na maziwa yake mbele. Mkubwa wetu alikuwa shangazi yangu Dhahabo, dada ya baba. Mchana wa Ramadhani hiyo alikuwa nyuma ya kibanda akinywa chai ya maziwa, bila haraka, na usoni alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mumewe aoe mke wa pili.

Sababu tuliijua, maana alitunong'oneza mwenyewe. Damu yake ya mwezi ilikuwa imerudi. Ilikatika zamani, kabla mjukuu wake wa kwanza hajazaliwa, na sasa mjukuu huyo alikuwa anachunga ndama. Ndiyo maana shangazi hakufunga wala hakuswali.

"Mwambieni yule mtoto aliyeletwa nyumbani kwangu asijione," alisema, akimkusudia Rukia, mke mdogo. "Na mimi ni mwali."

"Mwali mwenye mvi," mmoja wetu akamjibu. "Ukizaa sasa, mtoto atakuita mama au bibi?"

Tulicheka, naye alicheka kuliko sisi sote.

Usitudharau kwa hilo, mwanangu. Kwetu mwanamke aliyekoma kuzaa, mumewe akaleta msichana, hujua nafasi yake nyumbani imepungua hata kama hakuna aliyemwambia neno. Shangazi aliona damu ile kama haki yake iliyorudishwa. Mtu hapeleki hospitali kitu anachokishukuru.

Siku za mwisho za mfungo alikuja Bi Makai, mzee aliyewafundisha wasichana Kurani nyumbani kwake. Alikuja kuchukua maziwa ya futari kama kawaida yake, na kikombe kile alikuwa ameshakiona mara nyingi.

"Dhahabo, unaumwa?"

"Niko mwezini, Bi Makai."

"Mwezini tangu mfungo uanze? Na sasa tuko kumi la mwisho?"

"Ilipotea muda mrefu. Imerudi na ya nyuma yote."

Tukacheka tena. Bi Makai hakucheka. Aliweka dumu lake chini, akatutazama kwanza sisi wadogo.

"Nyinyi mnacheka nini? Mnakijua mnachokicheka?" Kisha akamgeukia shangazi, sauti yake ikiwa chini. "Hedhi ina mpaka, dada yangu. Ikivuka mpaka huo si hedhi tena, ni damu ya ugonjwa, na haikuzuii kuswali. Jisafishe, tawadha, uswali. Hilo la dini nakwambia kwa sababu ninalijua. Kwa nini inatoka, hilo silijui. Wanaolijua wako hospitali. Nenda kesho."

"Nitaenda baada ya Idi."

"Nimesema kesho."

Alilipa, akachukua maziwa yake, akaondoka. Na hakuna aliyecheka tena siku hiyo.

Idi ikapita. Mvua za bara zikajaza mto, maji yakatandaa kwenye tambarare, njia yetu ya Garsen ikafungwa. Maji yalipokauka ng'ombe wakahamishwa kufuata majani, na shangazi akasema hawezi kuacha ng'ombe wake wa maziwa mikononi mwa Rukia. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Hilo ndilo linaloniumiza hadi leo, kwamba hakutoa hata sababu moja ya uongo.

Aliporudi kuuza maziwa, damu ilikuwa imechanganyika na uchafu wenye harufu. Unajua jinsi tunavyofukiza vyombo vya maziwa kwa moshi wa miti yetu. Shangazi alianza kuvifukiza kupita kiasi, na nguo zake pia, akidhani moshi utaifunika harufu hiyo. Maziwa yake yakawa machungu. Wateja wakahamia kwetu mmoja mmoja, na wala hawakumwambia kwa nini. Baadaye akajitenga mwenyewe, akaketi mwisho kabisa wa safu, akisema upande ule una kivuli. Haukuwa na kivuli.

Nilimpeleka hospitali mgongo ukiwa umeshaanza kumuuma usiku na mchana. Kutoka hapo tukaelekezwa hospitali kubwa zaidi. Daktari alimpima, akamuuliza kama amewahi kuchunguzwa shingo ya kizazi.

"Kuchunguzwa kwa lipi?" shangazi alimjibu. "Watoto wangu wote nimewazaa salama nyumbani."

Ilikuwa saratani, na ilikuwa imeshatoka kwenye shingo ya kizazi na kusambaa. Wakatupatia dawa za maumivu tu.

Nesi aliyetuhudumia alikaa nasi akatueleza polepole, na maneno yake sijayaacha. Ugonjwa huu huanzishwa na kirusi kinachopita katika tendo la ndoa. Mwanamume hukibeba bila kujua. Mwanamke aliyetulia kwa mumewe maisha yake yote anaweza kukipata, wala hiyo si dalili ya uzinzi. Mara nyingi mwili hukiondoa wenyewe. Kisipoondoka, hubadilisha shingo ya kizazi kidogo kidogo kwa miaka mingi, na miaka hiyo yote mwanamke haumwi popote. Hapo ndipo kipimo hufanya kazi yake, kwa sababu mabadiliko hayo hutibika kabla hayajawa saratani. Damu ikianza kutoka ovyo, muda wa kuzuia huenda umeshapita.

Shangazi alisikiliza huku macho yake yako ukutani. Kisha akasema, "Mume wetu ni mmoja."

"Unasemaje, shangazi?"

"Rukia. Mume wetu ni mmoja. Mlete apimwe."

Miezi iliyobaki, aliyemfulia vitambaa vyake ni Rukia huyo huyo, yule mtoto asiyepaswa kujiona. Alikuwa na miaka thelathini hivi. Alikataa kwenda. Alisema haumwi, na aliona haya, tena aliogopa kuumizwa kwa sababu ya tohara aliyofanyiwa utotoni. Shangazi akamwambia, "Harufu hii unayoivumilia, unataka nani aje aivumilie kwako?" Siku ya pili tukaenda sote wawili, mimi na Rukia.

Nesi mwanamke alitutazama kila mmoja kwa zamu, nyuma ya pazia. Alipaka siki nyepesi kwenye shingo ya kizazi, akasubiri kidogo, akaangalia. Kwangu hapakubadilika rangi. Kwa Rukia palitokea weupe, dalili ya yale mabadiliko yanayotibika. Alitibiwa kwa kifaa cha kugandisha sehemu hiyo, akarudi nyumbani siku hiyo hiyo, na akarudi kuangaliwa tena kama alivyoagizwa.

Shangazi Dhahabo tulimzika kabla ya mvua. Rukia sasa ana wajukuu. Anauza maziwa hapo alipoketi shangazi mwanzoni, na maziwa yake si machungu.

Basi nisikilize, mwanangu. Ukifika miaka ishirini na mitano, nenda ukapimwe, hata kama huumwi chochote. Ukipimwa kwa siki na majibu yakawa mazuri, rudi kila baada ya miaka mitatu. Kikiwa ni kile kipimo kipya cha kutafuta kirusi chenyewe, kinachofaa zaidi kuanzia miaka thelathini, rudi kila baada ya miaka mitano. Anayeishi na virusi vya Ukimwi huanza mapema zaidi na hupimwa mara nyingi zaidi; afuate mpango wa kliniki yake. Ukipita hamsini usijione umemaliza, uliza kipimo kinachofaa umri huo, maana cha siki hakioni vizuri kwa wazee. Usiende ukiwa kwenye hedhi. Ukiona haya, omba nesi mwanamke. Kama ulitahiriwa, mwambie kabla hajaanza, atakuwa mwangalifu. Binti yako akifika miaka kumi, muulizie chanjo, na hata akichanjwa, akikua apimwe.

Lakini damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi, au iliyorudi baada ya kukatika, hiyo haingoji miaka mitatu wala mitano. Usiihesabu kuwa ujana. Nenda kesho, kama alivyosema Bi Makai, wala usiseme baada ya Idi.

Mungu akujaalie umri mrefu, mwanangu, ufike wakati ambapo damu hukatika yenyewe. Na ikikatika, akujaalie ibaki imekatika.