Soda ya Mgonjwa

Kwetu Timbwani, miaka ya themanini, kitambi cha mume kilikuwa sifa ya mke. Mjomba wangu alikuwa karani bandarini, mwembamba, na mama mmoja jirani akampigia mbiu mkewe kuwa hajui kupika. Mkaza mjomba akajibu kwa samli. Ukila pilau yake, mafuta yalikuteremkia mpaka kiwikoni, na nyama isiyo na shahamu hakuihesabu kuwa nyama. Mjomba alipofika hata shati halifungiki, yule yule jirani akaja kutoa pongezi. Nilikuwa mtoto wa kike mdogo tu, na tayari nilimdharau.

Miaka ikapita, mjomba akaanza kukonda bila kutaka. Kiu haimwishi, na kidole cha mguu kina kidonda kisichopona. Daktari akampima, akamwambia ana kisukari: aache sukari na mafuta, ama mguu utakatwa.

Akarudi nyumbani, akatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba tangu siku ile chai yake ni mkandaa mtupu, haina maziwa wala sukari hata chembe. Watu wakamsifu kama aliyetoka Hija. Akawa anainywa amekunja uso ili tuone anavyoteseka. Akimaliza, anashushia na soda baridi.

Ndiyo, soda! Kwa wajuzi wa kwetu, sukari ni ile ya koponi, ichotwayo kwa kijiko. Soda haichotwi, basi haimo. Tena kwa adabu zetu mgeni hapewi maji, wala haachwi anywe peke yake. Mwenyeji naye hufunguliwa chupa yake. Na mjomba alikuwa mtu wa watu, wageni hawakatiki barazani.

Kidonda kikapanda. Habari zilipoenea, watu wakaja kumtazama mgonjwa, na kila mmoja na soda zake, ati za kumwongezea damu. Chupa zikajaa chini ya kitanda. Wakati huo nilikuwa sekondari, nikashindwa kuvumilia.

"Hii ni sukari tupu," nikawaambia. "Mwamuua!"

"Huna adabu wewe," mama yangu akanikemea. "Watu wamekuja na wema wao."

Wema! Waliketi pale wakila sambusa zinazochuruzika mafuta, wakimwombea dua mgonjwa na kumsogezea sahani. Sijapata kuona ujinga unaojipenda kama ule.

Mguu ukakatwa chini ya goti.

Siku aliyorudi kutoka hospitali nyumba ilijaa. Safari hii niliwahi mimi jikoni, nikatoa sinia ya bilauri za maji, nikampa kila mtu yake, na mjomba pia. Wageni wakatazamana. Yule jirani akaigusa bilauri yake kwa ncha ya kidole.

"Kwani nyumba hii imefikwa na dhiki kiasi hiki?" akauliza.

Mjomba hakuwa ametoa chozi kwa ajili ya mguu. Kwa yale maji, machozi yalimlengalenga.

"Mke wangu, aibu gani hii watutia? Watwalie wageni soda. Na yangu usisahau, wallahi siwaachi wanywe peke yao."

Mkaza mjomba alikuwa keshafika mlangoni. Soda zikaja, wageni wakachangamka, mjomba akainywa yake mpaka tone la mwisho. Kisha akailaza chupa tupu juu ya shuka, pale mguu ulipokuwa.