Simu ya Mihogo Kwenye Bariera ya Lweba

Nilitoka Uvira kwa sababu kompyuta ya mradi wetu ilishindwa kutoka ofisini. Kazi yake ilikuwa kutazama picha za majani ya mihogo na kuwaambia wakulima wa mji wa Baraka yapi ni mazima, yapi yana ugonjwa. Ilihitaji jenereta, jenereta ikachukuliwa na wenye bunduki. Wakubwa wakaitisha mkutano.

Nikaamua kuupunguza mtandao wa neva, yaani ubongo wa kompyuta ile. Ulijaa namba zenye desimali ndefu, za kuzidishwa maelfu kwa maelfu. Nikakata kila namba ibaki ama moja ya kujumlisha ama moja ya kutoa. Kuzidisha kukaisha, na simu yangu kuukuu ikaimudu kazi. Ilikosea zaidi kidogo kuliko kompyuta, lakini angalau ilisafiri.

Asubuhi tulipanda Toyota, juu ya magunia ya chumvi. Kando yangu alikaa Mama Debora, mfugaji wa Minembwe, akienda kumuuguza binti yake hospitalini Baraka.

Njiani, huko Lweba, tukakuta bariera, wenye bunduki wamefunga barabara. Komanda wao alisikia matamshi ya Mama Debora, ya watu wa kwao Minembwe aliowaona adui, akamshusha. Kisha akaiona simu.

"Hii mashini inafanya nini?"

Kwa woga nikaeleza mno. Alichoshika ni kwamba ina majibu mawili tu.

"Basi itwambie huyu mama ni wetu ao adui."

"Komanda, inajua majani ya muhogo tu."

"Inajua ndiyo na hapana. Inatosha. Piga picha!"

Jibu lolote lingekuwa upuuzi, na upuuzi ule ungeweza kumuua mtu.

Mama Debora akasema kwa upole, "Muzuri, baba. Lakini ianze na weye, tuone kama inatumika."

Komanda akapenda. Akarekebisha kofia, akainua kidevu. Nikapiga. Simu ikatamka kwa sauti ya dada mpole: "Lina ugonjwa. Ng'oa, choma moto."

Kisha askari mmoja akaangua kicheko, wenzake wakamfuata hadi wakashika mbavu. Komanda hakuweza kuiamini mashini bila kung'olewa yeye kwanza.

"Mashini ya bure!" akafoka. "Mama, panda. Mupite!"

Tulipofika Baraka, Mama Debora alimkuta binti yake ameketi, anakunywa uji. Mimi nilishinda mashambani, nikipiga picha majani yasiyobishana.

Niliporudi Uvira nikasimulia. Mkubwa mmoja akauliza kama yule Komanda angekubali kuwa mteja.

Nilichojifunza ni hiki: mimi nilizikata namba kwa sababu simu ni dhaifu, na nilijua ninachopoteza. Wanaowakata watu mafungu mawili, wetu na adui, wana vichwa vizima, na hawajui wanachopoteza.